Waliokosekana Kwenye Uso wa Babu

Usiku ule sikuwa na nia ya kumuota mtu. Macho yalikuwa yananiwasha kwa kukodolea kompyuta tangu asubuhi, nikala kiporo cha makande, nikajitupa kitandani na nguo zangu zote. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadai kwamba mimi, Rehema, nilipania kuota. Mimi si mtu wa ndoto. Kusema kweli mimi si mtu wa kuamini kitu chochote haraka, na tabia hiyo sikuiokota njiani, nimeirithi.

Babu yangu, Babu Tobia, alifanya kazi miaka mingi kwenye kizuizi cha barabara ya msitu wa mbao, kule juu ya Makambako. Kazi yake ilikuwa kusimamisha malori na kuuliza: unatoka wapi, umebeba nini, kibali kiko wapi. Alipostaafu akahamia na ile kazi nyumbani. Ukifika kwake na mfuko, ataupapasa kwanza ndipo akusalimie. Wanawe wakakua hivyo hivyo, na sisi wajukuu tukafuata. Kwetu mtu akikuletea zawadi, unapokea kwa mikono miwili huku unajiuliza anataka nini.

Mimi peke yangu ndiye hakunipekua. Mimi alikuwa ananiita mchumba, ule utani wa babu na mjukuu wa kike, na kila nikija alikuwa anawaambia watu mke wake mdogo amefika, haya ondokeni. Jina langu sidhani kama aliwahi kulitamka. Nilikuwa nampenda sana babu yangu, na nilikuwa naamini kila mtu anajua hivyo.

Basi alikufa, na arobaini yake ikapangwa Jumamosi. Mimi nina chumba changu cha kuhariri video pale Iringa, napokea harusi, vipaimara, misiba, kila kitu. Kwa hiyo hata kuulizwa sikuulizwa, ukoo ulishajua video ya arobaini ni ya Rehema. Nami nikajitapa. Nikawaambia nitatengeneza ile ambayo picha ndogo ndogo za familia zinaruka kutoka kila pembe ya kioo, moja baada ya nyingine, zinajipanga kama vigae, halafu picha inarudi nyuma taratibu na unagundua kwamba vile vigae vyote kwa pamoja ni uso wa marehemu. Watu wakiiona ile wanalia, hata wale waliokuja msibani kwa ajili ya pilau.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unachagua picha moja kubwa ya huyo mtu, yenye mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine, unaikata miraba. Kwa kila mraba kompyuta inatafuta picha ndogo yenye rangi inayokaribiana na mahali pale. Mtu aliyevaa shati jeupe atakwenda kwenye mvi. Jiko lenye moshi litakwenda kwenye mboni ya jicho. Shida ni moja tu, lazima uwe na picha nyingi. Zikiwa chache, kompyuta inarudia zile zile, na uso unatoka na mabaka mpaka unamwonea haya marehemu.

Mimi picha nilikuwa nazo za kutosha. Nilikusanya albamu za watu, nikapiga nakala, nikamwaga humo humo na picha zote zilizokuwa kwenye simu yangu bila hata kuchambua. Siku tatu kabla ya arobaini, Shangazi Leokadia akaja ofisini. Yeye ni mtoto wa kwanza wa babu, na kwetu akishasema, kimesemwa. Alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia picha zinavyopita, halafu akaweka kidole kwenye kioo.

"Yule mwanamke asiwemo," alisema. "Hata picha moja."

Yule mwanamke ni bibi mdogo. Bibi yetu alipofariki, babu alikaa peke yake miaka kadhaa, kisha akamwoa mama mmoja wa Wanging'ombe, mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Miaka miwili ya mwisho babu aliugua koo. Chakula kilikuwa hakishuki. Sisi wengine tuko mbali, huyu Dar, huyu Mbeya, mimi na shangazi Iringa, na tulipofika siku za mwisho tulikuta mifupa imelazwa kitandani na kufunikwa blanketi. Shangazi ndiye aliyeanza kusema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka uani, kwamba mzee huyu hakufa kwa ugonjwa, amekufa kwa njaa. Kuanzia hapo maneno yakaota miguu. Mara alikuwa anamficha maziwa, mara ana jicho na nyumba, mara ana dawa zake.

Jumamosi, baada ya ibada, kungekuwa na kikao cha ukoo. Kila mtu alijua kinachokaliwa ni nini. Bibi mdogo angeambiwa afunge mizigo yake arudi kwao. Na video ingeonyeshwa kabla ya kikao, mbele ya wageni, majirani na mchungaji. Mjane ambaye haonekani popote kwenye maisha ya mume wake, nani angesimama kumtetea? Shangazi hakunificha hesabu zake, aliniambia waziwazi kwamba watu wakishaona kwa macho, kikao kitakuwa chepesi.

Sikubisha. Ningependa kusema nilibisha, ila tunaongea ukweli hapa. Na mimi nilikuwa namshuku. Msibani hakulia yule mama. Alikaa pale mkekani macho makavu, anaangalia mlango, nami nikajisemea moyoni, haya, kumbe. Kwa hiyo nikakaa nikamtoa. Picha moja moja, bonyeza, futa. Zilikuwa nyingi ajabu. Nilifuta mpaka kidole kikachoka, na hata mara moja sikujiuliza zimefikaje kwenye kompyuta yangu picha zote zile za mtu ambaye sijawahi kumpiga picha.

Nilipomaliza, babu akawa na mabaka. Shavu moja lilijirudia picha ile ile ya harusi ya mjomba, na jicho la kushoto lilikataa kabisa kupata giza. Siku zinakwenda. Nikafanya jambo ambalo sijamwambia mteja wangu hata mmoja. Picha zao zote zimo kwenye kompyuta yangu, nikazichota. Harusi ya watu wa Mafinga, kipaimara cha mtoto fulani, mahafali ya chuo, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwenye duka. Niliona kila picha ni ndogo kama kucha, nani atachungulia? Nikawapachika wageni kwenye mashavu, kwenye paji, kwenye mboni ya jicho. Uso ukatoka safi kabisa. Nikafurahi, nikala yale makande, nikalala.

Sijui nilifikaje kule. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini, kile chenye magurudumu, halafu kiti kikawa kipo barabarani. Barabara ile naijua, ni ile nyekundu ya msituni, miti ya misindano huku na huku, ukungu umeshuka mpaka magotini. Mbele yangu kuna kizuizi, gogo refu lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Pembeni yake babu amesimama na koti lake la kaki. Tulishindwa kumzika na koti lile kwa sababu lilikuwa limemzidi mara mbili. Sasa limemkaa sawasawa, mabega yamejaa, na shingo yake ni shingo ya mtu mwenye afya.

Nilifurahi mno. Nilitaka kumkimbilia. Lakini ananyoosha mkono, ule mkono wa kusimamisha malori, nami nasimama.

"Rehema," anasema.

Babu gani huyu anayeniita Rehema? Ndani ya ndoto hiyo hiyo nikajiambia huyu siye, huyu ni mtu amevaa koti la babu. Nikamwangalia miguuni, maana tangu utotoni tumefundishwa ukimshuku mtu anzia huko. Ana gambuti zake zile zile, zina tope. Mguu ni mguu, si kwato. Bado sikuridhika. Nikasogea hatua moja na kuacha nafasi ya kukimbilia.

"Umebeba nini?" anauliza.

Najitazama, kumbe nina kiroba mgongoni, kizito. Nikasema nimebeba picha. Akauliza za nani. Nikasema za ukoo, na kabla neno halijamaliza kutoka nilishajua nimedanganya, na nilijua na yeye amejua. Hakubishana. Anakifungua kiroba na kuingiza mkono mpaka kwapani, vile alivyokuwa akitafuta mkaa uliofichwa chini ya mbao. Anatoa picha moja, anaiinua juu ya ukungu aione vizuri. Ni bibi harusi wa Mafinga.

Ananiuliza huyu wa nani. Namwambia mtoto wa binamu yako. Anatoa nyingine, yule mtoto wa kipaimara, na mimi nasema wa Mbeya huyo, hujamwona siku nyingi. Anatoa nyingine. Kila anayoitoa anaisimamisha juu ya gogo, na kila inayosimama inashuka chini ikiwa mtu. Wanajipanga barabarani. Mwenye joho la mahafali, mtoto na keki yake, wazee wasionijua nisiowajua. Mimi naendelea kuwapa ukoo, huyu wa shangazi fulani, huyu wa upande wa bibi, na jasho linanitoka. Bibi harusi akainua gauni lake lisishike tope, akaniuliza kwa adabu kama ukumbi ndio hapa.

Halafu hatuko tena barabarani. Tuko Makambako, sebuleni kwa babu, na wale watu wamekaa kwenye viti vyote. Wamekaa kwenye kochi, wamekaa kwenye kigoda chake, wengine wameegemea kabati la vyombo. Wanaongea mambo yao kwa sauti ya chini. Babu anapita kati yao. Anasema samahani, anasema naomba nipite, anageuka huku na huku akitafuta pa kukaa, nyumbani kwake mwenyewe. Hakuna anayempisha. Si kwa ubaya, hawamjui tu.

Niliona haya, na kwetu mtu akiona haya anaongea sana. Nikaanza kujitetea. Babu, nikamwambia, hawa nimewaweka wa kujazia tu. Ni wadogo kama kucha. Ukisimama mbali huwaoni, unajiona wewe. Nikamweleza habari ya mwanga na kivuli, habari ya mabaka, habari ya siku zilizobaki. Ananisikiliza kichwa kimeinama kidogo, na yale macho nayajua, ndiyo aliyokuwa akimwangalia nayo dereva mwenye maelezo mengi.

"Na uliowashusha njiani," anasema, "wako wapi?"

Nikajitia sielewi. Nikauliza akina nani hao. Wakati huo simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu. Nikaibonyeza ikanyamaza. Ikatetemeka tena, nikabonyeza tena.

Mlango wa jikoni uko wazi nusu. Kuna moto, kuna mvuke, na kuna mgongo wa mwanamke ameinamia sufuria. Kitenge nakijua, sura sitaki kuiona. Kwenye meza kuna simu imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, jicho lake linamtazama yeye. Anakoroga. Anapuliza kijiko. Anajifuta mikono, anaichukua ile simu, anaibonyeza, na mimi mfukoni natetemekewa. Ninabonyeza inanyamaza. Anarudi kukoroga. Anabonyeza, inatetemeka, nanyamazisha. Sijui ilikuwa mara ngapi. Kwenye ndoto ilikuwa kama tumefanya hivyo miaka, yeye upande wake na mimi upande wangu, na hakuna aliyechoka.

Babu amesimama kando yangu. Nahisi koti lake linanigusa mkono. Nikitazama naona mikono ya koti imefunika vidole, mabega yameanguka, na sikuthubutu kuinua macho kutazama shingo. Hapo nikajua ni yeye. Nilijua kabisa, na nikaogopa zaidi kuliko nilipokuwa namshuku.

"Nijenge kwa waliokuwepo," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji. Kisha akainua kizuizi, sijui kilikuwa wapi mle ndani, lakini gogo lilipanda, na wale watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kimya kimya, bibi harusi wa mwisho, ameshika gauni lake. Sebule ikabaki tupu. Nikatazama tulivyobaki wachache. Nikajitafuta mle, nikatazama kwenye viti, nikatazama ukutani, sikujiona. Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Shuka limelowa. Jambo la kwanza nililofanya, mniamini, sikusali wala sikulia. Nilishuku. Nikasema ni makande ya jana. Nikasema hapana, huyu mama wa Wanging'ombe ameniendea kwa mganga, ameshajua tunamtoa, ameamua kunivuruga usingizini. Nikasema au shangazi ananijaribu. Nilikaa kitandani nikimshuku kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Halafu nikawasha kompyuta. Nikawatoa wageni wote, watu wa Mafinga na kila mtu, na babu akarudi kwenye mabaka yake. Nikafungua mahali ambapo vitu vilivyofutwa vinakaa kabla ya kupotea kabisa. Bibi mdogo alikuwa bado yumo, picha zote. Nikazipanga zile picha kwa tarehe, kwa mazoea tu ya kazi, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Miaka ya nyuma tumo wote, harusi, Krismasi, shangazi na kofia, mimi na sare ya shule. Nikateremka. Nikafika miaka miwili ya mwisho. Babu na bibi mdogo. Babu kwenye benchi la nje anaota jua, blanketi magotini. Babu na kikombe. Babu ananyolewa ndevu. Picha nyingine hata sura haimo, ni mkono tu wa yule mama umeshika kijiko. Nikateremka, nikateremka. Shangazi hamna. Wajomba hamna. Na mimi mchumba wake, niliyekuwa naamini kila mtu anajua ninavyompenda, simo hata kwenye moja.

Nikatazama zimetokea wapi. Za miaka ile miwili zote zimetoka mahali pamoja, kwenye kundi letu la ukoo kwenye simu. Simu yangu inahifadhi yenyewe kila kinachotumwa, nitake nisitake. Lile kundi mimi nililizima sauti zamani, nilichoshwa na maua ya asubuhi njema na ujumbe wa maombi wa kupeleka kwa watu kumi. Nikalifungua, nikaanza kupanda juu.

Yule mama alikuwa anaandika kila siku. Habari za asubuhi wanangu, leo baba yenu kapata vijiko sita vya uji wa ulezi. Leo maziwa yamekataa kushuka, nitajaribu tena jioni. Leo nimemponda ndizi kasema tamu, lakini kairudisha yote. Leo vijiko viwili. Leo kaamka vizuri, anamuulizia mchumba wake. Na kila ujumbe una picha yake. Chini ya ujumbe hakuna kitu. Chini yake ua la asubuhi njema, tangazo la mchango wa kipaimara, halafu kesho yake yeye tena, habari za asubuhi wanangu. Miaka miwili yule mama aliongea peke yake. Mahali pamoja tu mtu alimjibu, shangazi, kwa alama ya kidole gumba.

Nililia. Msibani sikulia vile. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka, kwa sababu kila nilipoigeuza ilikuwa inanitazama mimi.

Kulipokucha vizuri nikaenda Kihesa kwa shangazi. Nikamkuta anafagia uwanja. Nikamsimulia ndoto yote na hakucheka. Kwetu ndoto ya marehemu haichekwi, inapekuliwa. Aliniuliza amevaa nini, amesimama upande gani, kaniita nani. Niliposema ameniita Rehema, akabetua mdomo, akasema basi siye, baba hakuwahi kukuita hivyo. Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo hivyo. Kisha nikampa simu asome.

Alisoma amesimama. Baadaye akakaa kwenye ngazi akaendelea kusoma. Nilidhani amelainika, lakini alipoinua uso niliona bado amesimama kwenye kizuizi kama baba yake, amenyoosha mkono.

"Alikuwa anajitengenezea ushahidi huyu," alisema. "Mtu anayetenda wema hajipigi picha."

"Shangazi," nikasema, "huo ushahidi alikuwa anatutumia sisi."

Nikamweleza nitakachofanya. Picha za bibi mdogo zinarudi zote, na Jumamosi kwenye kikao nitasimama na simu yangu niusome ujumbe wake tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya kila mtu. Akaniambia nitawavua nguo watu wa ukoo. Nikamwambia ndiyo, na mimi nikiwemo. Lakini kwanza nakwenda Makambako kumwomba ruhusa mwenyewe, maana picha ni zake na maneno ni yake. Shangazi akaingia ndani akachukua khanga ya kujifunika. Alisema anakuja na mimi, aone kwa macho yake ninakwenda kupanga nini na yule mwanamke. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Njia nzima alikuwa na simu yangu mkononi, anasoma, anapandisha, anasoma. Mahali fulani kabla ya kufika aliacha kupandisha, akakaa anatazama kitu kimoja. Nilichungulia. Ilikuwa ile siku babu alipata vijiko viwili, na chini yake kile kidole gumba chake.

Tulimkuta bibi mdogo jikoni, na kitambaa chake cheusi kichwani, amekaa chini anachambua maharage. Ungo mbele yake, gunia kando. Yalikuwa maharage ya Jumamosi, ya kuwalisha wale wale wanaokuja kumfukuza. Nikamwamkia. Shangazi alibaki mlangoni na viatu vyake, hakusalimia. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, na niliona anafikiria nini. Alidhani tumekuja kumtoa kabla ya siku.

"Kama ni kuondoka," alisema, "niacheni kwanza nimalize maharage ya wageni."

Nikapiga magoti pale sakafuni. Nikamwambia si kuondoka. Nikamsimulia kila kitu, jinsi nilivyomfuta, wageni niliowapachika, kizuizi, kiroba, sebule iliyojaa watu wasiomjua babu, na kwamba babu amenipa neno, nimjenge kwa waliokuwepo. Nikamwambia nimesoma kila alichoandika, nimechelewa, lakini nimesoma. Nikamwomba ruhusa.

Alinisikiliza mikono yake imezama kwenye maharage. Hakuniuliza kuhusu picha. Hakuniuliza kuhusu kikao wala nyumba wala shangazi aliyesimama mlangoni. Alingoja nimalize, akasogeza uso wake karibu na wangu, kama mtu anayetaka jibu la siri.

"Amekula?" akaniuliza.

Nilikaa na babu barabarani, nikazunguka naye nyumba nzima, nikamwangalia hadi miguu, nikamwaga maneno ya kujitetea mpaka yakanichosha, na hilo halikunijia.

"Sikumuuliza, bibi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, bila kunilaumu, akainamisha macho kwenye ungo. Nyuma yangu nikasikia viatu vinavuliwa. Shangazi akapita kando yangu miguu mitupu, akasimama mbele ya yule mama, akakunja khanga yake magotini.

"Mama," alisema, na tangu bibi yetu azikwe sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, "sogea nikae."

Bibi mdogo akavuta gunia pembeni, akasogea.